Sura Yangu kwenye Paketi

24 Novemba

Mvua ya maana imenyesha leo, bati likapiga kelele mpaka mashine ya fotokopi haikusikika. Nimenunua daftari hili kwa sababu nikimweleza Maram kila hofu niliyo nayo, atanikimbia.

Basi tujuane. Naitwa Leonia, nina miaka ishirini na saba, nina diploma ya lishe, na huu mwaka wa tatu natoa fotokopi kwenye stesheneri hapa Isevya, Tabora mjini. Jana nimeona tangazo: shirika moja la lishe linatafuta mhamasishaji wa kanda ya magharibi. Diploma, ninayo. Kuijua kanda, nimezaliwa Igalula, nani anijulishe? Halafu sifa ya tatu: mwombaji awe na jina mtandaoni, wafuasi wasiopungua elfu ishirini. Mimi nina mia nne na kumi, na nusu yao ni wanakwaya wenzangu. Mwisho wa maombi ni tarehe 20 Januari.

Maram ni rafiki yangu tangu sekondari. Anauza simu na kava dukani kwa baba yake, familia ya Waarabu wa mjini hapa wanaofanya biashara tangu babu wa babu yao. Nilipomwonyesha tangazo hakucheka. "Shoga, wewe unajua kitu gani ambacho watu wa Dar hawakijui?" Nikafikiri weee. Nikasema uyoga. Akapiga meza. "Wallahi umepata kazi!"

27 Novemba

Ukurasa umefunguliwa: Mtaalamu Leonia. Neno "mtaalamu" limewekwa na Maram. Mimi lilinikaa kooni siku nzima.

2 Desemba

Tulikwenda Igalula kurekodi. Mama anauza uyoga pale stesheni, kwenye beseni la bluu, na abiria wa treni wanamjua. Miaka arobaini anaokota, hajawahi kurudishiwa hata sahani moja na mtu aliyeumwa tumbo. Wanawake wa vijiji vya jirani wakiwa na shaka humletea vikapu vyao avikague. Anachambua, huu ndiyo, huu tupa, na hakuna anayebishana naye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja kuokota au kupiga picha?"

Tukaingia porini. Mama anatumia kijiti: anachimba pembeni, anaung'oa uyoga wote na udongo wake, anaugeuza, anautazama chini. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu kama mkia wa panya, unashuka mpaka ndani ya kichuguu. Ule mbaya hauna mzizi, umekaa kwenye kikombe cheupe pale chini. Juu, ikiwa bado michanga, inaweza kufanana kama watoto wa baba mmoja.

Maram akatoa kisu chenye mpini mweupe. Akasema nikate shina juu ya ardhi, taratibu, kamera ikiwa karibu. "Mama, udongo hauvutii kwenye video."

"Mimi siuzi video," Mama akasema. "Ukiukata utajuaje kilichobaki chini?"

"Lakini huu umeshauona, mama. Ni wa picha tu."

"Ninyi mtajua. Mimi sijakata uyoga tangu nizaliwe."

Nilikata. Kwenye video nimependeza, na uyoga umedondoka kiganjani safi kama umeoshwa. Mama hakuongea nami mpaka tulipopanda gari la kurudi.

5 Desemba

Watazamaji elfu sitini na moja. Elfu sitini na moja!

9 Desemba

Wafuasi 3,900. Bosi ameniambia nichague simu au fotokopi.

14 Desemba

Sasa wananitumia picha. "Mtaalamu, huu unalika?" Kutoka Kahama, Sikonge, hata Mpanda. Mwanzoni nilimpigia Mama kila mara na kumweleza uyoga ulivyo.

"Mwambie aulete niuone."

"Yuko Kahama, mama."

"Basi asile."

Jamani, jina linajengwaje kwa "basi asile"? Maram anasema anayechelewa kujibu anapotea, watu wanahamia kwa mwingine. Basi nimeanza kujibu mwenyewe, ila kwa uyoga ninaoujua hata nikiwa usingizini: ule mwekundu mkubwa, ule wa njano wa kwenye miombo. Wengine najibu kwa ujanja, "tuma picha nyingine."

17 Desemba

Wafuasi 9,200. Mvua. Fotokopi.

21 Desemba

Leo mwanamke mmoja wa Tura, stesheni ya mbele ya Igalula, jina lake Adelina, kanitumia picha: beseni limejaa uyoga mweupe, umeoshwa, umekatwa vizuri. Ameandika, "Nimekata kama ulivyotufundisha, Mtaalamu. Unalika?" Dukani palikuwa na mwalimu na mitihani yake ya kurasa arobaini, mashine imekwama karatasi, na Maram ananitumia ujumbe, jibu, jibu, watu wanakusubiri. Nikaandika mbele ya watu wote: "Huo ni wa kichuguu, unalika. Pika na karanga." Nikaweka na alama ya sufuria. Adelina akarudisha mioyo mitatu.

Jioni nimeitazama tena ile picha. Uyoga wa kichuguu una kinundu katikati ya kofia. Hapa sikioni. Labda ni mwanga.

22 Desemba

Ni mwanga.

23 Desemba

Nimeitazama mara kumi na moja. Si mwanga. Au ni mchanga, haujachanua vizuri? Kama angekuwa ameung'oa ningeona chini. Ameukata. Amekata kwa sababu mimi nilikata.

Nimemwandikia faragha: "Dada, mmeshakula?" Alama moja ya kijivu. Simu yake haipo hewani.

25 Desemba

Krismasi Igalula. Mama kapika uyoga wa karanga na ugali wa mtama. Nilishindwa kumeza. Akaniuliza, "Wewe mtoto una nini? Una mimba?" Nikacheka. Afadhali ingekuwa mimba.

Sikumwambia. Najua angesema nini, na asingesema kwa sauti kubwa, na hilo ndilo baya zaidi.

29 Desemba

Alama moja ya kijivu bado.

Nasoma taarifa za msiba katika magrupu yote ya Tura na Itigi. Nimejiunga na grupu la wafuga kuku ili tu nisome misiba.

3 Januari

Nimefuta jibu langu. Sekunde mbili tu, likapotea. Halafu nikakaa kitandani nikijiuliza mtu anayefuta ni mtu wa namna gani. Wafuasi 15,600.

8 Januari

YUKO HAI. Adelina yuko hai! Simu yake ilikuwa imeingia maji. Nimelia mbele ya wateja, bosi akanipa likizo ya saa moja.

Halafu akatuma picha nyingine. Paketi za nailoni, ndani yake uyoga mkavu, na juu ya kila paketi karatasi yenye sura yangu, ile ninayocheka na kisu. Chini yake: "Umethibitishwa na Mtaalamu Leonia." Mume wake, Bundala, amezichapisha Itigi. "Dada, biashara imeshika! Paketi ishirini zimeisha kwenye treni!"

Nikamuuliza, ninyi wenyewe mlikula?

"Hapana dada, tule biashara?"

10 Januari

Nimerudi kutoka Tura, nguo zina matope mpaka magotini. Naandika kabla sijajidanganya.

Adelina alinipokea stesheni kama mgeni wa heshima. Ni msichana mdogo kuliko nilivyodhani, miaka ishirini na miwili hivi, mtoto mgongoni. Amenichinjia kuku. Majirani wamekuja kunisalimia, bibi mmoja kanishika mashavu akasema, "Kumbe ni mtu kweli!" Nikamwomba Adelina anipeleke alipookota. Ni nyuma ya shamba lao, chini ya miti, wala si kwenye kichuguu. Upo mwingine umeota, mweupe, mzuri, unapendeza macho.

Nikachukua kijiti. Nikachimba pembeni kama Mama. Ukatoka bila mzizi. Chini yake kikombe cheupe, kimepasuka upande mmoja.

Nilikaa chini. Adelina akadhani nimeteleza.

"Dada, huu hauliki. Huu unaua."

Alinitazama tu, hakukasirika. "Lakini wewe ulisema unalika."

"Nilikosea."

"Lakini wewe ni mtaalamu."

Tulichoma paketi saba zilizobaki. Bundala alisimama pembeni, akawa anazisukuma motoni kwa mguu. Nikamuuliza zile ishirini aliziuza wapi. Akasema kwenye mabehewa na madirishani, kila treni iliposimama, kutoka Tura mpaka Tabora mjini. Wanunuzi hawajui. Mtu akinunua karanga dirishani, nani anamuuliza jina?

Kurudi, kila abiria aliyebeba mfuko niliutazama mfuko wake.

12 Januari

Nilikuwa nimeshajiandaa kusema kila kitu. Nimerekodi mara nne. Maram akaniketisha dukani, akafunga nusu mlango.

"Shoga, nisikilize. Uliwapa ruhusa ya kutumia picha yako?"

"Hapana."

"Basi sema hivyo. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Usitaje sumu, utaua jina lako na utaleta taharuki mji mzima. Sema kuna watu wanatumia sura yako bila idhini, watu wasinunue. Watakaosikia hawatanunua. Yamekwisha."

"Na walioshanunua?"

Maram akaanza kupanga kava mezani. Halafu akasema wiki tatu zimepita, waliokula wameshakula, na hatujasikia msiba. Si mtu mbaya Maram. Siku nane zimebaki, na amenisukuma kwenye hili tangu mwanzo, anaogopa kama mimi. Nikarekodi. "Ndugu zangu, jihadharini na matapeli." Neno hilo limetoka kinywani mwangu mimi, si la Maram.

13 Januari

Watazamaji laki mbili na elfu arobaini. "Pole sana Mtaalamu." "Wabongo hatupendani." Wafuasi wanapanda kama maziwa jikoni.

16 Januari

Mtu amemtambua Adelina kutokana na picha za paketi alizokuwa ameweka mtandaoni. Wanamwita tapeli, mwizi, mchawi. Wamepata na picha ya mtoto.

18 Januari

Wafuasi 23,400. Nimetuma maombi. Sikujisikia chochote. Mvua imenyesha siku nzima, na nilipokwenda sokoni muuza nyanya kanikumbatia: "Usikate tamaa mwanangu, wenye wivu ni wengi."

24 Januari

Adelina kanitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza stoo, nyuma ya maboksi ya karatasi. Hakunitukana. Ningepona angenitukana.

"Dada Leonia, shikamoo. Naomba kuuliza. Mimi ni tapeli? Nilikuuliza mbele za watu, ukanijibu mbele za watu. Nimetafuta lile jibu nimwonyeshe mume wangu, maana ndugu zake wanasema nimewaletea aibu. Silioni. Labda simu yangu ni mbovu. Kama wewe unalo, naomba unitumie."

Sijajibu. Andika hivyo, Leonia: hujajibu.

26 Januari

Bado sijajibu.

29 Januari

Shirika limepiga. Nimepata. Mama mmoja mwenye sauti ya upole kasema walivutiwa na "namna ulivyolinda walaji." Natakiwa Dodoma tarehe 10, mkataba wa miaka miwili, bima, pikipiki ya kazi. Nikasema asante sana, Mungu awabariki. Nilipokata simu nikatapika kwenye ndoo ya taka, na sikuwa nimekula kitu.

Maram kaniletea halua. Tumeikata, hakuna aliyemaliza kipande chake. Akaniuliza, "Mbona hufurahi?" Nikamwambia, "Mbona wewe hufurahi?"

31 Januari

Kesho naenda Igalula kumwambia Mama habari ya kazi. Nitamwambia na mengine. Au nitamwambia ya kazi kwanza.

3 Februari

Niko kwenye benchi nje ya wodi. Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwa hakina mpangilio.

Juzi nilifika Igalula asubuhi. Mlango wa Mama ulikuwa wazi na beseni la bluu liko nje, tupu, wakati muda ule alipaswa kuwa stesheni. Nikaita hodi. Nikasikia anatapika. Alikuwa amelala mkekani, midomo imekauka, anashika tumbo.

"Malaria tu," akasema. "Umekuja siku nzuri. Angalia pale."

Juu ya kabati la vyombo, imeegemezwa kwenye chupa ya chai, ilikuwepo paketi. Sura yangu, nacheka na kisu. Ilikuwa imefunguliwa.

Mama hana simu janja, ana ya vibonyezo. Hajaiona ile video ya matapeli, na mimi sikumwambia hata neno. Nikamuuliza ameipata wapi, sauti yangu siitambui. Akasema siku mbili tatu baada ya Krismasi, kijana mmoja alikuwa anauza dirishani kwenye treni. Yeye alipoona picha alipiga yowe stesheni nzima, "Huyo mwanangu! Huyo mwanangu!" mpaka kijana akampa bure. Amekaa nayo mwezi na zaidi, anawaonyesha watu. Hakutaka kuila. Jana yake jioni mboga ikamwishia, mvua imemzuia kwenda porini, akasema basi, nile uyoga wa mkono wa mwanangu.

"Mama, hukuutazama?"

"Umekatwa vipande, umekauka, nitazame nini? Niliona wewe." Akafumba macho. "Ni mtamu. Nusu nimekuwekea, uko kwenye sufuria ndogo."

Sikumbuki vizuri nilivyompata mwenye gari. Najua nilipiga kelele na watu wakaja. Jirani zake wawili, Mama Koleta na mwenzake, wakapanda nasi, kila mmoja ameshika mguu wake mmoja, wanamsemesha kwa Kinyamwezi njia nzima ili asilale. Sufuria ndogo nimeibeba mapajani mpaka hospitali, nimeifunika kwa khanga.

Wamemwekea dripu. Jana macho yake yalianza kuwa ya njano. Daktari amesema ini limeguswa, ila alikula kidogo na tumewahi. Siku tatu hizi ndizo zitakazosema. Maram amekuja na uji, amekaa miguuni kwa Mama tangu alfajiri, hajagusa simu yake.

Leo saa nne daktari alirudi na faili. Ni kijana, mpole, anaandika kila kitu. Akamuuliza Mama, "Mama, huu uyoga uliutoa wapi? Nani alikwambia unalika?"

Mimi nilikuwa nimesimama kichwani kwake. Nilifungua mdomo. Mama akawahi.

"Nimeokota mwenyewe, daktari."

"Wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nimezeeka, macho hayaoni vizuri. Nimechanganya."

Mama Koleta alishika mdomo. Wanawake wale wawili walitazamana, na nikaona kitu kinapita kati yao. Hao ndio wanaomletea vikapu avikague. Leo jioni watarudi Igalula, na kesho hakuna atakayemletea kikapu, na wasafiri watapita beseni lake wakienda kununua kwa mwingine. Mama anajua hilo kuliko mimi. Alikuwa anatazama dari, ametulia, kidole chake kimoja kimeshika pindo la gauni langu, kwa nguvu, kama mtu anavyomshika mtoto asikimbilie barabarani.

Kalamu ya daktari ilikuwa inaandika. Niliisikia.

Nikasema, "Daktari, futa hiyo."

"Leonia, nyamaza," Mama akasema.

"Hakuokota. Mama yangu hajawahi kuchanganya uyoga hata siku moja. Huu ni wa paketi. Ziko paketi nyingine majumbani mwa watu, kutoka Tura mpaka hapa mjini, na waliozinunua hawajui."

"Alizitengeneza nani?"

"Aliyezitengeneza aliniuliza kwanza, nikamjibu unalika. Sikuwa nimeuona chini. Halafu nikafuta jibu, nikamwita yeye tapeli."

Maram akaanza kulia. Mama aligeuza uso ukutani, lakini pindo langu hakuliachia.

Daktari akakata mstari mmoja kwenye karatasi, kisha wa pili. Akasema tangazo litabidi lisomwe redioni leo hii, mchana na jioni, na ili watu waitambue paketi lazima litaje jina lililoandikwa juu yake, tena mara kadhaa. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Unaelewa maana yake?"

Nikasema naelewa.

Akaniomba jina kamili. Nikamtajia, Leonia Lugembe, mzaliwa wa Igalula, nikasimama pale mpaka alipomaliza kuliandika.